Makaa ya Mawe, Jaji na Pensheni ya Wachimbaji

Machi 1984 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walianza mgomo uliokuja kudumu karibu mwaka mzima. Mwezi uliofuata, wagomaji na polisi wakiwa bado wanasukumana kwenye malango ya migodi, Jaji Sir Robert Megarry wa Mahakama Kuu mjini London alitoa hukumu iliyowahusu wachimbaji haohao, lakini kwa jambo lisilo na virungu wala mabango: akiba yao ya uzeeni. Wanaosimulia mgomo huo huitaja kesi hiyo, Cowan dhidi ya Scargill, kwa nadra sana. Wanaosimamia pesa za wastaafu hawajaisahau hata siku moja. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila aliyetaka mfuko wa pensheni uache kununua hisa za kampuni ya sigara, ya silaha au ya mafuta alijibiwa kwa kutajiwa hukumu hiyo, na mara nyingi alitajiwa jambo ambalo jaji hakulisema.

Mfuko wa wachimbaji ulikuwa na wadhamini kumi. Watano waliteuliwa na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, yaani mwajiri, na watano waliteuliwa na chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na Arthur Scargill. Mwaka 1982, ulipoletwa mpango mpya wa uwekezaji, wadhamini wa chama walikataa kuupitisha mpaka yatimizwe masharti yao: uwekezaji wa nje ya nchi usiongezwe, ule uliokuwepo upunguzwe hatua kwa hatua, na pesa za wachimbaji zisiingie katika nishati zinazoshindana moja kwa moja na makaa ya mawe. Msomaji wa leo hawezi kukosa kutabasamu. Wanaharakati wa sasa wanadai mifuko ijiondoe katika makaa ya mawe na mafuta kwa pamoja. Scargill na wenzake walidai pesa zikae mbali na mafuta ili makaa ya mawe yapate kuishi. Hata hivyo hoja yao ya msingi haitofautiani sana na ya hawa wa leo: ni kichekesho kichungu kwa mtu kukatwa mshahara kila mwezi ili pesa zake zikamharibie maisha yeye na watu wake. Scargill alijitetea mahakamani mwenyewe, bila wakili, na akashindwa.

Alichoamua Megarry ni kwamba mdhamini hashiki pesa zake mwenyewe. Anashika za wengine, na kwa kuwa mfuko wa pensheni umeundwa ili kumpa mtu kipato akizeeka, manufaa ya wanachama kwa kawaida ni manufaa ya kifedha. Mdhamini anayechukia tumbaku, pombe au utawala wa Makaburu anatakiwa kuiweka chuki yake kando. Tena, alikumbusha jaji, wamo katika mfuko wastaafu na wajane ambao hatima ya migodi haiwahusu tena; wao wanachohitaji ni malipo yao. Hiyo ni hoja nzito na haifai kupuuzwa. Lakini ndani ya hukumu hiyohiyo aliacha upenyo: wanufaika wakiwa wote ni watu wazima wenye msimamo mkali wa kimaadili, tuseme wote wanailaani pombe, huenda yasiwe manufaa kwao kupewa pesa nyingi zaidi zilizotokana na jambo wanalolilaani. Kwa hiyo dhamiri haikufukuzwa mahakamani. Kilichokataliwa ni watu watano kuamua kwa niaba ya umati wa wachimbaji na familia zao bila kuonyesha kwamba umati huo uko pamoja nao. Wanasheria washauri wa mifuko waliisoma tofauti hiyo kwa haraka, na kilichowafikia wadhamini wengi kikawa sentensi moja fupi: tafuta faida, mengine si kazi yako.

Swali hili lisingeweza kuzuka miaka hamsini kabla, na sababu iko katika mahali pesa zilipokuwa zikikaa. Pensheni ya serikali iliyoanza kulipwa Uingereza Januari 1909, shilingi tano kwa wiki kwa wazee maskini waliofikisha miaka 70, haikuwa na hisa hata moja. Ilitoka kwenye kodi. Mifuko ya waajiri nayo iliegemea sana hatifungani za serikali, ambazo hazimpi mwenye kuzishika umiliki wa kiwanda chochote. Anayetajwa sana kuwa alivunja desturi hiyo ni George Ross Goobey, msimamizi wa mfuko wa wafanyakazi wa Imperial Tobacco, ambaye katika miaka ya 1950 alihamishia pesa za mfuko kwenye hisa za makampuni, kwa hoja kwamba mfumuko wa bei unazila hatifungani ilhali gawio la hisa linaweza kukua pamoja na biashara. Hesabu ilimpa haki na wengine wakamfuata. Kwa njia hiyo mfungasha sigara wa Bristol akawa, bila kuulizwa, mmiliki mdogo wa mashamba, migodi, viwanda vya silaha na benki katika nchi ambazo hakuwahi kuziona. Wanaosema maadili ya uwekezaji ni anasa ya watu walioshiba wanasahau kwamba umiliki ulitangulia, na mwenye mali huulizwa juu ya mali yake.

Kuulizwa huko kuna historia ndefu kuliko pensheni. Waquaker wa Philadelphia walianza mwaka 1758 kuwatenga waumini wao waliokuwa wakinunua na kuuza watumwa, na wenzao wa London wakachukua msimamo kama huo mwaka 1761. Waquaker wa vizazi vya baadaye walianzisha mwaka 1832 kampuni ya bima ya Friends Provident, na ni kampuni hiyo iliyofungua mfuko wa uwekezaji wa kimaadili ulioitwa Stewardship mwaka uleule wa 1984. Mwekezaji wa Stewardship alijipeleka mwenyewe, akijua kinachokataliwa na kinachokubaliwa. Mwanachama wa mfuko wa pensheni wa kazini hana nafasi hiyo. Anaingizwa siku anayoajiriwa, anakatwa, na anasubiri. Ndiyo maana sheria ilikuwa kali zaidi kwa wadhamini wake, na ndiyo maana pia ukimya wake ulifasiriwa upande mmoja: anayenyamaza anataka pesa.

Jambo hili lilipimwa kwa vitendo juu ya Afrika Kusini. Tarehe 26 Juni 1959 Julius Nyerere, akiwa bado kiongozi wa TANU katika nchi isiyo huru, alihutubia mjini London pamoja na padri Trevor Huddleston, aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi, mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Kampeni ilianza na matunda na sigara za madukani; miaka ishirini baadaye ilikuwa imefika kwenye hisa. Halmashauri ya jiji la Edinburgh iliamua kuziondoa pesa za mifuko iliyoidhamini katika kampuni zenye biashara na Makaburu, na mwaka 1988 jaji wa Scotland, Lord Murray, akasema madiwani walivunja wajibu wao, kwa kuwa hawakukaa kujiuliza kama hatua hiyo inawafaa wanufaika wala hawakutafuta ushauri wa wataalamu. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ya Maryland, Marekani, iliikubali sheria ya jiji la Baltimore yenye lengo hilohilo, ikiona gharama yake ni ndogo mno kuweza kuudhuru mfuko. California ilikuwa imeshaagiza hivyo kwa sheria mwaka 1986, na Mandela alipofika Oakland Juni 1990 alitoa shukrani zake hadharani. Ukizisoma hukumu za Edinburgh na Baltimore pamoja utaona hazipingani sana kama inavyosemwa. Jiji moja liliadhibiwa kwa kutofikiri, jingine likaruhusiwa kwa kuwa lilishafikiri na kupiga hesabu.

Baada ya hapo kilichobadilika si maadili bali hesabu. Julai 2000 wadhamini wa Uingereza walianza kutakiwa kueleza kwa maandishi kama wanayazingatia masuala ya kijamii, kimazingira na kimaadili. Kanuni haikuwalazimisha kuyazingatia, iliwalazimisha kusema. Mwaka 2005 mawakili wa Freshfields, katika ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya mpango wa fedha wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, waliligeuza swali lenyewe: kama uharibifu wa mazingira unaweza kushusha thamani ya hisa, basi mdhamini anayeufumbia macho ndiye anayekosea. Aprili 2006 Kofi Annan alizindua katika soko la hisa la New York kanuni za uwekezaji wenye kuwajibika. Makaa ya mawe yakaja kutoa ushahidi wenyewe: Aprili 2016 Peabody, kampuni kubwa kuliko zote za makaa ya mawe Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Tangu Oktoba 2019 kanuni za Uingereza zinawataka wadhamini waandike wanavyoshughulikia hatari za kifedha, mabadiliko ya tabianchi yakitajwa kwa jina. Lile ambalo mwaka 1984 lingeitwa siasa sasa linaitwa uangalifu.

Wengi wanaihesabu safari hiyo kuwa ushindi, nami sikubaliani nao moja kwa moja. Dhamiri iliruhusiwa kupita, lakini ilipita ikiwa imevaa joho la mhasibu, na mhasibu huona kile tu kinachoingia kwenye vitabu. Gesi ya ukaa imeingia, kwa kuwa kiwanda kinaweza kufungwa na hisa zikaanguka. Mkulima aliyelipwa fidia duni ili mgodi upite hajaingia, kwa kuwa hana uwezo wa kuiangusha hisa ya mtu. Tumbaku ndiyo mfano ulio wazi zaidi: iliua kwa miongo mingi huku ikiwalipa wenye hisa vizuri sana, na kwa kipimo cha hatari ya kifedha hakukuwa na sababu ya kuiacha. Norway ilichagua njia nyingine. Mfuko wake mkubwa wa pensheni, uliojengwa kwa pesa za mafuta (ndiyo, mafuta), ulipewa miongozo ya maadili mwaka 2004, ukaitenga tumbaku mwaka 2010, na mwaka 2015 bunge likauagiza ujitoe katika kampuni zinazotegemea makaa ya mawe kwa asilimia 30 au zaidi ya shughuli zao. Wasimamizi wake wameeleza bila kuficha kwamba kuzitenga bidhaa kama tumbaku na aina fulani za silaha kumeupunguzia mfuko faida. Hapo ndipo maadili yanapoonekana kuwa maadili: mtu anapojua bei na bado anailipa, kwa idhini ya wenye pesa kupitia bunge lao.

Idhini hiyo ndiyo jibu kwa pingamizi la kwanza, kwamba wanachama hawafanani na hakuna anayeweza kusema kwa niaba yao wote. Ni kweli hawafanani. Lakini Tume ya Sheria ya Uingereza ilipolichambua suala hili mwaka 2014 haikudai kauli moja. Ilisema mdhamini anaweza kufuata jambo lisilo la kifedha kama ana sababu nzuri ya kuamini kwamba wanachama wanalijali, na kama halitaleta hasara kubwa. Sharti la kwanza linatimizwa kwa kuwauliza. Kinachoshangaza ni jinsi mifuko inayojua tarehe ya kuzaliwa ya kila mwanachama ilivyokuwa mizito kumtumia swali moja. Pingamizi la pili, kwamba hisa unayoiuza hununuliwa na mwingine asiye na haya na kampuni ikaendelea kama kawaida, lina nguvu zaidi, na historia ya Afrika Kusini hairuhusu kulipuuza: uondoaji wa hisa peke yake haukuuvunja ubaguzi, na wanauchumi bado wanabishana kama uliutikisa hata kidogo. Ulichofanya ni kumwondolea mwanachama ushirika katika jambo hilo na kuwafanya wakurugenzi wajieleze mbele ya watu. Anayetaka zaidi ya hapo afadhali abaki na hisa zake na apige kura kwenye mkutano wa kampuni, kazi inayochosha na isiyo na sherehe.

Pingamizi la tatu linatoka kwetu, na ndilo gumu zaidi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lina mbia mkuu ambaye ni TotalEnergies, kampuni ambayo hisa zake zimo katika mifuko ya pensheni ya Ulaya. Mstaafu wa Ulaya anapotakiwa kuziuza, wapo Waganda na Watanzania wanaouliza kwa haki: waliochoma makaa ya mawe kwa miaka mia mbili wana mamlaka gani ya kutuzuia? Hawana. Lakini jibu hilo linawahusu pia wale wanaokuwa na haraka ya kunyamazisha malalamiko ya fidia ya wenye mashamba njiani mwa bomba kwa kutaja maendeleo. Tatizo la mstaafu wa mbali ni kwamba anaamua juu ya ardhi asiyoijua, iwe anawekeza au anajitoa. Wastaafu wa karibu zaidi wapo. Tanzania ilianzisha mfuko wake wa akiba ya wafanyakazi mwaka 1964, Kenya mwaka 1965, na NSSF ya Uganda ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Mifuko hii imekuwa ikijenga vitu vinavyoonekana, na daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa sehemu kubwa na pesa za wanachama wa NSSF ya Tanzania. Uganda ina hata mkutano wa mwaka wa wanachama, ambako waziri wa fedha hutangaza kiwango cha riba na watu hupiga makofi au huguna kutegemea asilimia. Hakuna sheria ya Megarry wala ya mtu mwingine inayozuia ajenda ya mkutano kama huo kuongezewa swali la pili, riba hiyo imetoka kwenye nini, na kura kupigwa juu ya jibu.