Wasimamizi wa Wagonjwa, na Sisi



Miaka michache iliyopita tulikwenda kumzuru mzee mmoja wa kanisa letu aliyekuwa amelazwa hospitalini kwa ajili ya kidonda cha mguu. Tulipokaribia kitanda chake tulimwona akisukuma kitu upesi chini ya mto. Kilikuwa kadi ndogo yenye picha ya mtu aliyevaa kanzu nyeusi, na msalaba mwekundu kifuani, amemwinamia mgonjwa. Tukamwuliza kadi hiyo ameipata wapi, nasi tulikuwa tumekwisha kukunja uso, maana mzee huyu alibatizwa kwetu na akawekewa mikono na askofu wetu. Akajibu kwamba amepewa na mama mmoja Mkatoliki ambaye huja kila Jumatano kumtazama mgonjwa wa kitanda cha pili, na akiisha kumwona huyo huja kuketi naye kidogo. Ndipo tukamwuliza amelala pale kwa muda gani. Majuma matano. Na katika majuma hayo matano, sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kufika kutoka kanisani kwake.

Yale maonyo tuliyokuwa tumeyatayarisha tuliyameza. Lakini tulirudi nyumbani tukiwa na neno moyoni, tukaanza kusoma habari za hao watakatifu ambao ndugu zetu wa Kanisa la Roma huwaita wasimamizi wa wagonjwa, wa madaktari na wa wauguzi.

Mtu asituelewe vibaya. Katika vile Vifungu 39 vya imani tulivyopokea, kifungu cha 22 chakataa kuwaomba watakatifu, nasi hatuna nia ya kukigeuza. Mwombezi wetu ni mmoja. Hata hivyo Kitabu chetu cha Sala kimeitunza siku ya Mtakatifu Luka, tarehe 18 Oktoba, kwa sababu Paulo awaandikiapo Wakolosai amtaja kuwa tabibu. Tena wamisionari wetu walipojenga hospitali kule Kaloleni, katika nchi ya Wagiriama, waliipa jina la huyo Luka. Basi ikiwa twaweza kumkumbuka Luka pasipo kumwomba, hatutapotea tukiwajua na wengine.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni jinsi watu hao walivyopata kazi zao. Hakuna baraza lililokaa likagawa magonjwa. Ni wagonjwa wenyewe waliowatafuta. Mtazameni Apolonia. Huyu alikuwa mwanamke Mkristo wa Aleksandria, katika Afrika yetu hii, na habari zake si hadithi za baadaye, kwa maana Dionisio, askofu wa mji ule, aliziandika katika barua, na Eusebio akaihifadhi katika historia yake ya Kanisa. Kama mwaka 249 watu wa mji waliwashambulia Wakristo. Walimkamata Apolonia, ambaye umri wake ulikuwa umekwenda, wakampiga taya mpaka meno yakamtoka, kisha wakawasha moto wakamwambia akufuru. Akaruka motoni mwenyewe. Miaka mingi baadaye watu wa Ulaya wenye maumivu ya meno wakaanza kumwita, na mpaka leo ndiye msimamizi wa madaktari wa meno. Kadhalika Agatha wa Sisilia, ambaye yasemekana alikatwa matiti, huitwa na wanawake wenye ugonjwa wa matiti.

Mkristo wa Kiprotestanti aweza kucheka. Lakini hebu tufikiri. Mgonjwa hamtafuti mwenye nguvu tu, humtafuta aliyewahi kuumia pale pale. Waraka kwa Waebrania walijua hilo jambo vyema, na jibu lake ni kwamba Kuhani wetu Mkuu mwenyewe amejaribiwa kama sisi na anauchukua udhaifu wetu. Yule mwanamke wa zamani aliyemlilia Apolonia usiku kwa ajili ya jino, labda hakuna mhubiri aliyepata kumwambia kwamba Yesu mwenyewe ayajua maumivu. Kosa hilo tusimtwike yeye peke yake.

Wa pili ni wawili, Kosma na Damiano, wasimamizi wa madaktari, wa wapasuaji na wa wauza dawa. Mambo yao mengi ni mapokeo. Husemwa kwamba walikuwa mapacha kutoka Arabuni, wakafanya kazi ya utabibu pande za Shamu na Kilikia, wakauawa wakati wa mateso ya Kaisari Diokletiano, mwanzoni mwa karne ya nne. Wayunani waliwapa jina la sifa lenye maana ya wasio na fedha, kwa sababu hawakupokea malipo. Mapokeo yaeleza kwamba mwanamke mmoja aliyepona alimsihi Damiano kwa jina la Mungu apokee zawadi ndogo, na wengine husema ilikuwa mayai matatu tu. Damiano akaona vibaya kulikataa jina la Mungu, akapokea. Kosma akakasirika sana, hata akaagiza wasizikwe pamoja. Walipouawa, watu wakabaki wakisitasita kaburini, mpaka ngamia akanena kwa sauti ya mtu kwamba ndugu hao wasitenganishwe. Sisi tulio na punda wa Balaamu katika Biblia yetu tusiwe wepesi wa kumcheka ngamia huyo, ingawa hatumwamini. Lakini kwa habari ya mayai matatu tuliwaza sana. Watu waliotunga hadithi hiyo walijua jinsi fedha iingiavyo wodini, kwa kidogo kidogo, tena kwa jina la shukrani.

Kuna hadithi yao nyingine ambayo Mwafrika hawezi kuisoma bila kusimama. Wasema kwamba huko Roma, ambako Papa Feliksi wa Nne aliwajengea kanisa katika karne ya sita, mtumishi wa kanisa hilo alikuwa na mguu uliooza. Usiku mapacha hao wakamjia katika ndoto, wakaukata ule mguu, wakamwekea mwingine, waliouchukua kwa maiti ya Mhabeshi aliyekuwa amezikwa karibuni. Akaamka mzima, mguu mmoja mweupe na mwingine mweusi. Wachoraji wa Ulaya waliipenda sana habari hii. Nao wengine hawakuridhika na maiti. Huko Valladolid, katika Hispania, kuna mchongo wa mwaka 1547 ambamo yule mtu mweusi yu hai, amelala sakafuni akiugua, mguu wake umekwisha kukatwa, na matabibu watakatifu wamempa kisogo, wakimshughulikia yule mweupe kitandani. Hatusemi hayo ili kumshtaki mtu wa leo. Lakini hata picha iliyochongwa kwa ajili ya kanisa yaweza kumsahau mgonjwa mmoja aliye sakafuni.

Sasa tufike kwa yule wa kadi. Jina lake ni Camillus de Lellis. Alizaliwa mwaka 1550 huko Bucchianico, Italia, mwana wa askari, naye akawa askari, mtu mrefu wa kimo na mwenye hasira. Ugonjwa wake ulikuwa kamari. Alicheza mpaka akapoteza upanga na koti, na huko Napoli, wasema, hata shati la mwilini. Tena alikuwa na kidonda mguuni ambacho hakikupona maisha yake yote. Alikwenda kutibiwa Roma katika hospitali ya San Giacomo, akafanya kazi humo kidogo, akafukuzwa kwa sababu ya ugomvi na karata. Mwaka 1575, akiwa kibarua wa kubeba vifaa kwa watawa waliokuwa wakijenga, moyo wake ulivunjika, akatubu. Alitaka kuwa mtawa, wakamkataa kwa sababu ya mguu ule ule. Akarudi San Giacomo, na safari hii akapanda mpaka kuwa msimamizi wa hospitali.

Hapo ndipo alipoona alichokiona. Wahudumu walikuwa watu wa mshahara, na wengi wao hawakumjali mgonjwa. Hakulishwa asiyeweza kujilisha. Hakugeuzwa asiyeweza kujigeuza. Mwaka 1582 Camillus akapata wazo la kukusanya watu watakaofanya kazi hiyo kwa upendo wa Mungu. Mwaka 1584 akawa kasisi, na kanuni alizowaandikia wenzake ziliwataka wamtunze kila mgonjwa kama mama amtunzavyo mwanawe wa pekee aliye mgonjwa. Mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano akawaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. (Si alama ya lile shirika lililoanza Geneva mwaka 1863. Hiyo ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi.) Kisha mwaka 1591 wakawa shirika kamili, wenye nadhiri moja zaidi ya watawa wengine, yaani kuwahudumia wagonjwa hata wenye tauni, hata ikiwa ni kufa. Wengi walikufa hivyo. Mwenyewe alifariki tarehe 14 Julai 1614, bado mguu unamwuma. Kanisa lake lilimtangaza mtakatifu mwaka 1746, likamfanya msimamizi wa wagonjwa na hospitali mwaka 1886, na wa wauguzi mwaka 1930. Watu wa shirika lake walifika hata kwetu, Karungu, kando ya Ziwa Viktoria, na hospitali ya misheni ya hapo ina jina lake.

Mwenzake katika heshima hiyo ya 1886 ni Yohane wa Mungu, Mreno aliyeuza vitabu huko Granada. Baada ya kusikia mahubiri alilia na kujirusha njiani hata watu wakamdhania mwenda wazimu, wakamfungia hospitalini, ambako dawa ya wenye wazimu ilikuwa mijeledi. Alipotoka akafungua nyumba yake mwenyewe ya wagonjwa. Alikufa mwaka 1550, mwaka ule ule Camillus alipozaliwa.

Na sisi je? Hapa hatuna budi kusema neno la uchungu juu ya nyumba yetu wenyewe. Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa huko Uingereza, kati ya 1536 na 1540, hospitali nyingi zilikuwa mikononi mwa watawa hao. Mwaka 1538 mkuu wa jiji la London alimwandikia mfalme akiomba hospitali kwa ajili ya maskini na wagonjwa waliokuwa wakilala njiani. Hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, iliyokuwa imesimama tangu 1123, ilingoja mpaka mwishoni mwa 1546 ndipo ikakabidhiwa jiji. Ile ya Mtakatifu Tomaso ilifungwa mwaka 1540 ikafunguliwa tena mwaka 1551. Katika 1552 Askofu Ridley, ambaye baadaye alichomwa moto kwa ajili ya imani yetu, alihubiri mbele ya kijana Mfalme Edward wa Sita juu ya maskini wa London, na mfalme akamwita faraghani amwulize la kufanya. Tunamshukuru Mungu kwa Ridley. Lakini kati ya 1540 na 1551 ni miaka 11, na mgonjwa hawezi kulala njiani miaka 11 akingoja wanatheolojia wamalize. Tuliondoa maombi kwa watakatifu, na tulifanya vyema. Kitanda nacho tukakiondoa.

Yule mzee wetu alikaa hospitalini majuma mengine matatu. Tulimwendea, na wanawake wa Chama cha Akina Mama wakaenda nasi, Jumatano, siku ile ile ya mama Mkatoliki, hata wakazoeana wakawa wakichangia uji. Siku moja tulipokuwa peke yetu naye tulimwuliza kwa upole kama alikuwa akiiomba ile kadi. Akaitoa chini ya mto, safari hii bila kuficha.

"Sijui kusoma, Mchungaji," akasema. "Hata jina lake silijui. Naangalia tu jinsi alivyomshika yule mgonjwa."