Zamunda Iko Wapi?

Mwaka 1988 Kenya ilitimiza miaka 25 ya uhuru. Mwaka huohuo Hollywood ilitoa filamu ya Coming to America, na kwa majirani zetu wengi hapa Marekani, hiyo ikawa ndiyo Afrika waliyoijua: nchi ya kubuni iitwayo Zamunda, ambako tembo hupita katika bustani ya ikulu na bibi harusi hubweka kama mbwa akiamriwa. Wengi wetu tumeshaulizwa kama kwetu tunafuga simba.

Hata hivyo, mizaha ya filamu ile si ya aina moja. Mwana wa mfalme Akeem, yaani Eddie Murphy, anafika Queens, New York, na siku hiyohiyo mizigo yake inaibwa. Kisha anapiga deki katika mkahawa wa McDowell's. Hapo tunacheka kwa kujitambua, maana wako wengi kwetu walioacha chaki darasani nyumbani wakaja kuanza maisha kwa ndoo na deki.

Halafu yupo Darryl, Mmarekani mweusi ambaye utajiri wa kwao ni dawa ya nywele. Kwenye mchezo wa mpira wa kikapu anamkejeli Akeem kwamba lazima kuvaa nguo ni jambo geni kwake. Anayeaibika ni Darryl. Jamaa zake wakiinuka kwenye kochi, wanaacha madoa ya mafuta!

Watoto wetu wajue pia kwamba kwa miongo mingi waigizaji Wazungu walijipaka weusi usoni ili kuwadhihaki watu weusi. Al Jolson alijipaka hivyo katika The Jazz Singer ya 1927. Murphy aligeuza kibao: kwa ufundi wa Rick Baker akawa Saul, mzee wa Kiyahudi anayebishana kwenye duka la kinyozi.

Kuhusu yule bibi harusi, wapo wanaosema mzaha ule unasuta utii wa kupindukia, kwa kuwa Akeem anataka mke mwenye mawazo yake mwenyewe. Sawa, lakini anayefanywa kichekesho ni binti aliyelelewa kutii, wala si waliomlea. Mwaka 2021 ilitoka sehemu ya pili, ambayo kisa chake ni haki ya binti kurithi kiti cha ufalme. Imani, bibi harusi wa mwaka 1988, anaonekana humo pia. Baada ya miaka 33, bado anarukaruka kwa mguu mmoja na kubweka.