Vijana Wanane na Kampuni Iliyokua Upesi

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu aajiriwaye na kampuni changa ya ufundi mpya, inayokua mbio kama mgomba wakati wa mvua, amekwisha kupata bahati yake. Huenda wewe nawe, msomaji, umesikia maneno hayo yakisemwa juu ya kampuni za kompyuta zilizoko Nairobi. Kabla hujayakubali, nifuate hata California, katika Marekani, ukasikie habari za kampuni moja iliyowatangulia hao wote.

Mwaka 1956 William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, alifungua maabara mjini Mountain View. Transista ni kidude kidogo kikuzacho nguvu hafifu za umeme, na ndicho kilichowezesha redio kutiwa mfukoni. Shockley alikusanya vijana hodari kutoka pande nyingi, na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Ungetazamia kwamba kumtumikia bwana wa namna hiyo kungekuwa raha tupu. Lakini siku moja karani alichomwa mkono na kichuma mlangoni. Shockley alishuku hujuma, akataka watu wapimwe kwa mashine ya kutambua uongo. Baadaye ikaonekana kuwa kile kichuma kilikuwa pini tu iliyovunjika kichwa. Alijua siri za silikoni, walakini za watu zilimshinda.

Septemba 1957 vijana wanane waliacha kazi kwa pamoja. Robert Noyce alikuwa na umri wa miaka 29, Gordon Moore 28. Kampuni ya Fairchild ya upande wa New York, iliyokuwa ikitengeneza kamera, ilikubali kuwapa mtaji wa dola zipatazo milioni 1.38. Kila kijana alitoa dola 500 zake mwenyewe. Mkataba, hata hivyo, uliipa Fairchild haki ya kuinunua kampuni yao yote ikipenda. Shika sharti hilo moyoni, kwa maana ndilo lililokuja kuamua mengi.

Siku za mwanzo zilikuwa za taabu na furaha pamoja. Hapakuwa na duka la kuuza mitambo waliyoihitaji, basi waliiunda kwa mikono yao. Noyce na mwenziwe Jay Last walikwenda duka la picha mjini San Francisco, wakachagua lenzi za kamera ya sinema, wakaunda nazo mtambo wa kuchapa michoro midogo mno juu ya silikoni. Mwaka 1958 waliiuzia kampuni ya IBM transista 100, kila moja kwa dola 150. Nadhani hakuna mshahara upitao furaha ya kuona kitu ulichokiunda mwenyewe kikinunuliwa hivyo.

Furaha hiyo ilifuatwa na hofu. Ziko transista zilizoharibika zikigongwa kidogo tu, hata mafundi wakawa wakizijaribu kwa kuzigonga kwa kifutio cha penseli. Machi 1959 meneja mkuu naye aliondoka na baadhi ya watu, akaanzisha kampuni ya kushindana nao. Ndipo Jean Hoerni alipotokea na njia ya kuifunika transista kwa ngozi nyembamba ya oksidi, isidhurike kwa vumbi. Juu ya njia hiyo Noyce alijenga wazo la kuunganisha sehemu nyingi za umeme katika kipande kimoja cha silikoni. Kompyuta na simu uzionazo leo ni wajukuu wa wazo hilo.

Basi Fairchild ikatumia haki yake mwaka 1959, ikainunua kampuni. Kila mmoja wa wale wanane alipata hisa za thamani ya mamia ya maelfu ya dola. Lakini toka siku hiyo walikuwa waajiriwa kama wengine, na faida ya kazi yao ikawa yaenda New York. Hoerni, Last na wengine wawili waliondoka mwaka 1961. Noyce na Moore walivumilia mpaka 1968, wakaenda kuanzisha Intel.

Hao walikuwa na pa kwenda. Wako wengine wasiotajwa sana. Kampuni ilipokua ilihitaji mikono mingi ya bei nafuu, ikafungua kiwanda Hong Kong mwaka 1963, na mwaka 1965 kingine Shiprock, New Mexico, katika nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani. Wafanyakazi wa Shiprock walikuwa wanawake kwa wingi. Kampuni iliwasifu kwa wepesi wa vidole vyao, ikiufananisha ufundi wao na kufuma mazulia, kazi ya jadi yao. Sifa hiyo haikuwapa hisa hata moja. Biashara ilipodhoofu, Wanavajo wapatao 140 walipunguzwa kazini. Februari 1975 kundi la kutetea haki za wenyeji liliingia kiwandani na silaha, likakikalia kwa siku nane. Walipotoka, kampuni ilitangaza kwamba inafunga kazi Shiprock. Mamia ya wanawake waliobaki kazini, ambao hawakushika bunduki wala kutia sahihi mkataba wowote wa New York, wakarudi majumbani pasipo mshahara.