Historia ya Benchi katika Nyumba ya Mungu



Katika Jubilei tunawakumbuka waliojenga. Yafaa tukumbuke pia kitu kinachotubeba kila Dominika bila kutajwa, ndicho benchi.

Wakristu wa karne za kwanza walisali wakisimama. Kunako mwaka 325, Mtaguso wa Nisea uliagiza hivyo kwa Dominika na kwa siku za Paska hata Pentekoste, kwani kusimama ni alama ya Ufufuko. Baadaye, katika makanisa ya Ulaya, viti vya mawe vilijengwa kandokando ya ukuta kwa ajili ya wazee na wagonjwa. Benchi za mbao zilienea hasa tangu karne ya 15. Basi kiti kiliingia kanisani kwa kuwahurumia wanyonge.

Kwetu Kivu, mama hukalia kiti kifupi karibu na mafiga, kwa sababu kazi yake iko chini. Hicho chafaa jikoni. Lakini katika Misa watu huketi, husimama na kupiga magoti. Tena katika Misa ya inchi yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, wakati wa matoleo watu huandamana kwa wimbo na mchezo. Benchi ya kanisa ni ya mtu atakayeinuka.

Kwa hiyo kipimo chake ni mguu, toka sakafuni hata kwenye kunjo la nyuma ya goti. Kwa watu wazima wengi, santimetri 43 hata 45 zinatosha. Kiti kikizidi, nyayo zinaning'inia, ubao unabana mapaja, na miguu inakufa ganzi. Kikipungua, magoti yanapanda na mzee anashindwa kuinuka. Wazee huinuka vema zaidi kwenye kiti cha santimetri 46 hata 48 chenye pa kushikia. Watoto wadogo wa katekismu wanahitaji santimetri 30 hata 35.

Sisi wa Goma tumezoea kujenga upya. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliharibu Katedrali ya Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ulifika Buhene, jirani yetu. Ajengaye kwa haraka hukata mbao zote kwa kipimo kimoja. Tena udongo wetu ni mawe ya volkano, na sakafu haiko sawa pote. Seremala apime pale nyayo zitakapokanyaga, si katika karakana tu.

Mashirika yetu yatakapochanga kwa ajili ya benchi mpya, fundi aanze na goti la mzee na la mtoto. Asiyeweza kuinuka kitini anabaki ameketi wakati ndugu zake wanapoimba Aleluya, naye pia ni mwana wa Ufufuko.

Mungu awabariki wote.