Assab Inaweza Kutekwa, Lakini Vita Havitaishia Hapo

Tangu Oktoba 2023, Waziri Mkuu Abiy Ahmed alipoieleza njia ya kufika Bahari ya Shamu kuwa suala la uhai wa Ethiopia, uwezekano wa vita na Eritrea umekuwa ukipimwa kwa hesabu ya vichwa: zaidi ya watu milioni 100 dhidi ya milioni chache. Hesabu hiyo inapotosha. Vita vikizuka, Ethiopia inaweza kushinda mapigano ya mwanzo na bado ikakosa inachokitafuta, kwa kuwa mwenendo wa vita hivyo utategemea hali ya Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia linalopakana na Eritrea, na uwezo wa kuitumia bandari iliyotekwa, kuliko wingi wa askari.

Vita vya 1998 hadi 2000 kati ya nchi hizo mbili vinathibitisha hilo. Vilianzia Badme, kijiji kisicho na utajiri wowote, vikaua makumi ya maelfu ya watu, wengi wao katika mapigano ya mahandaki. Mei 2000 jeshi la Ethiopia lilipenya upande wa magharibi na kuuteka mji wa Barentu, ushindi mkubwa kwa kipimo chochote cha kijeshi. Hata hivyo, katika uwanja wa mapambano wa Bure, kwenye barabara ya kwenda Assab, bandari ya Eritrea, halikufika baharini. Mkataba wa Algiers ulitiwa saini Desemba mwaka huo, na mwaka 2002 tume ya mipaka ikaipa Eritrea Badme ileile. Ethiopia haikuondoka, na uhasama ukadumu hadi 2018. Aliyeshinda vitani hakupata amani, na aliyeshinda mbele ya tume hakupata ardhi.

Wapo watakaosema kwamba droni zimebadilisha mambo. Ni kweli zilisaidia kuwarudisha nyuma wapiganaji wa Tigray mwishoni mwa 2021, walipokuwa wakiisogelea Addis Ababa. Lakini droni huvunja misafara. Haziwashawishi wenye meli kutia nanga, wala kampuni za bima kuwadhamini, katika bandari ambayo umiliki wake unapingwa na dunia nzima. Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu Tanzania: Idi Amin wa Uganda aliivamia Kagera Oktoba 1978, na kufikia Aprili 11, 1979 Kampala ilikuwa imeanguka. Je, jirani hawezi kushindwa upesi? Anaweza, pale jeshi lake linapokuwa linasambaratika lenyewe na wapinzani wake wako tayari kushika serikali. Tanzania haikudai hata shubiri ya ardhi ya Uganda, na bado wanajeshi wake walikaa huko hadi 1981. Ethiopia ingekuwa inadai pwani kutoka kwa watu waliopigania uhuru wao miaka 30.

Kisha kuna Tigray. Mwaka 2020, vita vilipozuka huko, askari wa Eritrea waliingia humo wakiwa upande wa serikali ya shirikisho ya Ethiopia. Leo serikali hiyohiyo inalituhumu kundi moja la TPLF, chama cha Tigray kilichopigana nayo, kwa kushirikiana na Asmara. Jeshi ambalo tangu 2023 linapambana na wanamgambo wa Fano katika jimbo la Amhara lingelazimika kupigana kaskazini huku njia zake za ugavi zikipita katikati ya watu ambao bado hawajazika machungu ya vita vilivyopita. Hapo ndipo ninapoona hatari ya miaka mingi ya umwagaji damu, na wa kwanza kuulipia watakuwa wakulima wa Tigray, ambao hawajaombwa rai yao. Wanaoisukuma Ethiopia kuelekea Assab kwa vifaru wakumbuke kwamba kabla ya 1998 shehena zake zilipita bandarini humo kwa makubaliano, bila askari hata mmoja kuvuka mpaka, na kilichoifunga njia hiyo ni vita.