Kodi Isiyo na Pa Kushika: Kampuni za Kubeti na Masoko ya Utabiri Dar es Salaam

Kalshi, kampuni ya soko la utabiri, ilianza kuuza mikataba ya matokeo ya michezo nchini Marekani Januari 2025. Ilidai kuwa bidhaa yake ni mkataba wa fedha ulio chini ya tume ya serikali kuu, si kamari inayosimamiwa na majimbo. Nevada ikaiamuru iache, nayo ikakimbilia mahakamani. Kwa dai hilo iliuza hata katika majimbo yanayokataza kubeti, bila leseni ya jimbo. Ushindani uliamuliwa na jina la bidhaa kabla mteja hajalinganisha bei.

Dar es Salaam kinachoyazuia masoko haya ni kitu kingine. Kijana wa Mbagala au Mwananyamala huweka dau la mkeka wake kwa M-Pesa au Airtel Money, na akishinda, fedha hurudi kwenye simu hiyohiyo zikiwa zimeshakatwa kodi. Polymarket, soko jingine la utabiri, hutumia sarafu za kidijitali, ambazo Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kuwa haziruhusiwi nchini. Bila kukusudia, Benki Kuu imevilinda vibanda vya kubeti kuliko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha yenyewe.

Ulinzi huo ni wa muda, kwa sababu udhaifu umo ndani ya kodi. Kodi kuu ya kampuni ya kubeti hukokotolewa kwenye madau yote ukitoa zawadi zilizolipwa. Hesabu hiyo inamtazamia mwenye kampuni anayepanga odi, anayebeba hasara na kubaki na kilichosalia. Soko la utabiri halina mtu huyo. Mmoja hununua “ndiyo” kwa senti 40, mwenzake “hapana” kwa senti 60. Aliyepatia huchukua dola nzima, na soko hula ada. Dau ukitoa zawadi ni sifuri. Asilimia yoyote ya sifuri, Bunge lipandishe litakavyo, ni sifuri.

Kodi ya pili humkata mshindi. Bajeti ya 2021 iliishusha kutoka asilimia 20 hadi 15. Kwa kiwango hicho, ushindi wa shilingi 10,000 humfikia ukiwa 8,500. (Tandika hakuna anayetaja sera ya kodi, utasikia tu kwamba kampuni fulani “inakata sana”.) Mshindani wa ng’ambo hakati hiyo 1,500.

Watetezi wa masoko haya husema yanazalisha taarifa na kukinga hasara. Kwa bei ya korosho, sawa. Mkataba juu ya mechi ya Simba na Yanga haumkingi mkulima yeyote.

Kwa hiyo, siku kampuni ya aina hii itakapoomba kibali, swali la kwanza litakuwa barua inapokelewa wapi. Ikipokelewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, mwenye kibanda Mbagala ataendelea kulipa kodi ya kamari huku mpinzani wake akiuza mechi ileile kama dhamana. Ikipokelewa na Bodi, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 itahitaji kwanza msingi mpya wa kodi, unaotoza ada ya muamala badala ya mabaki ya dau.