Familia Iliyovuka Jangwa la Simpson kwa Gari

Septemba 1962, mwanajiolojia Reg Sprigg alimpakia mkewe Griselda na watoto wao wawili kwenye Nissan Patrol, akaondoka ranchi ya Andado, katikati ya Australia, na kushika njia ya mashariki. Kama kweli yaweza kuitwa njia. Mbele yao kulikuwa na Jangwa la Simpson, lenye matuta ya mchanga zaidi ya elfu moja ya kukwea na kushuka, bila barabara, bila kituo cha mafuta, bila mtu wa kuulizwa. Walipotokeza Birdsville, mji mdogo wa Queensland, walikuwa watu wa kwanza kulivuka jangwa hilo kwa gari. Waliofanya hivyo si jeshi wala msafara wa serikali. Ni baba, mama na watoto.

Usidhani Sprigg alikuwa mzazi asiyejali. Alilijua bara lile kuliko wengi; ni yeye aliyegundua, mwaka 1946 kwenye vilima vya Ediacara, visukuku vya viumbe vya kale sana ambavyo baadaye vilikipa jina kipindi kizima cha historia ya dunia. Kampuni yake ilitafuta mafuta na madini, kwa hiyo kwake jangwa lilikuwa mahali pa kazi. Aliyajua hata matuta yenyewe. Upande wa magharibi huinuka taratibu, upande wa mashariki huporomoka ghafla, na ndiyo maana hadi leo wenye busara huvuka kutoka magharibi.

Lakini tukisema "wa kwanza", tuwe waangalifu. Watu wa kabila la Wangkangurru waliishi ndani ya jangwa hilo vizazi na vizazi, wakinywa maji ya visima walivyovichimba katikati ya matuta na ambavyo mgeni asingeviona. David Lindsay, mpima ardhi aliyefika huko mwaka 1886, alionyeshwa visima hivyo na mwenyeji wake. Mwaka 1936 Ted Colson alilivuka jangwa kwa ngamia mpaka Birdsville na kurudi, akisifiwa kuwa Mzungu wa kwanza kufanya hivyo. Aliyekuwa naye safari nzima ni Peter Ains, mwenyeji, ambaye magazeti hayakumpa nafasi kama ile.

Familia ya Sprigg haikupata hata alama ya tairi ya kufuata. Njia kuu ya magari ilichongwa mwaka 1963 na 1964 na kampuni ya mafuta ya Kifaransa, iliyotaka kupitisha mitambo yake ya utafiti. Mafuta ya kuuzwa hayakupatikana, njia ikabaki. Ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya nyika ya Australia: barabara zinazotumiwa na watalii hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ile ya kutoka mji mdogo wa Marree hadi Birdsville, kilomita zipatazo 517, ilikuwa njia ya kuswagia ng'ombe kwenda kupanda treni. Kabla ya malori, mizigo ilibebwa na ngamia waliotoka Asia ya Kusini pamoja na wachungaji wao Waislamu, ambao Marree walijenga msikiti.

Nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya mabomu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilitaka mahali pa kujaribia makombora na silaha za nyuklia. Mpima ardhi aliyepewa kazi ya kufungua njia ni Len Beadell. Yeye alitangulia na Land Rover yake porini, akawasha moto au kumulika kwa kioo, na dereva wa buldoza akafuata mwanga huo moja kwa moja. Nyuma yake likaja greda. Kati ya 1955 na 1963 kikosi chake kidogo kilichonga zaidi ya kilomita 6,000.

Beadell naye alikuwa mtu wa familia. Barabara moja aliipa jina la mkewe, Anne: kilomita zipatazo 1,325, kutoka Coober Pedy hadi Laverton, safari ndefu kuliko ya Dar es Salaam hadi Mwanza, na yote ni mchanga na vumbi. Nyingine ikaitwa Connie Sue, binti yake, ambaye alikuwepo kazini pamoja na mama yake angali mtoto mchanga. Hadithi hiyo hupendwa sana kusimuliwa kambini. Inayosimuliwa kwa nadra ni kwamba barabara ya Anne inapita Emu, mahali palipolipuliwa mabomu mawili ya atomiki Oktoba 1953, na kwamba wenyeji waliondolewa kwenye ardhi yao ili majaribio yafanyike.

Wala si kila familia ilifika. Desemba 1963, kiangazi kikali cha huko, familia ya watu watano iliondoka Marree ikielekea Queensland. Walipotea njia, mafuta yakawaishia, wakaacha ujumbe garini na kwenda kutafuta maji. Wote walikufa. Tangu hapo onyo la kwanza analopewa msafiri ni moja: gari likikwama, usiliache. Kivuli chake ni uhai, na rubani anayekutafuta huliona gari mapema kuliko anavyomwona mtu.

Siku hizi familia za mijini hufunga tela lenye hema la kukunjua, zikapakia madumu ya maji na mafuta, matairi ya akiba na simu ya setilaiti. Kwenye barabara kama ile ya Marree hadi Birdsville tela kama hilo linafaa, mradi upunguze upepo wa matairi na mwendo. Simpson ni habari nyingine. Mamlaka za hifadhi hazishauri kuvuta tela juu ya matuta, kwa kuwa huchimba mchanga na kukwamisha wanaokuja nyuma, na kila gari hutakiwa kupandisha bendera juu ya mlingoti ili anayekuja upande wa pili wa tuta aione. Upande wa Australia Kusini jangwa hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Anayepanga kwenda na watoto achague Juni au Julai, alipie kibali kwanza, na tela asiliingize jangwani.